Mzinga wa Kwezi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mtaa, wapangaji na wapangaji wa wapangaji, kwamba kuanzia leo uwanja wa nyuma wa kila nyumba utakuwa safi, mtupu na wa kupendeza. Kwamba hakuna kibanda, kizimba, kichanja, tundu wala chombo cha kuning'inia, kiwe cha binadamu au cha kiumbe kingine, kitakachobaki humo. Kwamba ukaguzi utafanywa Jumamosi ijayo. Na kwamba ushirikina wa kila namna, kwa kuwa ni adui wa maendeleo, umekomeshwa.

Hivyo ndivyo ilivyosema Kamati ya Mtaa Safi pale Jericho, Nairobi, msimu wa mvua ndefu wa mwaka 1981, kwa kinywa cha Mwenyekiti wake, Bwana Shitanda. Alisimama juu ya kreti la soda mbele ya nyumba yake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi, akasoma polepole. Shitanda alikuwa karani mjini, na kazini alisoma maneno ya watu wengine mchana kutwa. Haya aliyaandika mwenyewe, na yalisikika hivyo. Watu walipiga makofi. Asubuhi hiyo hapakuwa na kitu kingine cha kupigia makofi.

Mtu mmoja tu hakupiga. Alisimama nyuma kabisa ya umati, mikono kifuani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, amekasirika. Jina lake Kitonga, na kwa waliomjua, kukasirika kwake hakukuwa habari.

Kitonga alikuwa mchongaji. Alizaliwa upande wa Wamunyu, Ukambani, mtoto wa mfuga nyuki, akaja Nairobi akiwa kijana na tezo moja ndani ya kikapu, na tangu hapo alikuwa akichonga vifaru katika banda la wachongaji karibu na Majengo. Alikuwa amechonga vifaru wengi kuliko waliokuwa wamebaki porini, na hakuwahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Kifaru aliyefundishwa kumchonga alikuwa nakala ya kifaru wa mtu mwingine, ambaye naye alikuwa nakala. Mahali fulani katika ukoo huo mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umefupishwa, na watalii waliuchukua hivyo hivyo mpaka Ulaya. Jambo hilo lilimkasirisha. Vilimkasirisha pia viatu vya mpira, watangazaji wa redio, chai isiyochemka vizuri, mahubiri marefu na mahubiri mafupi. Kanisani alikuwa shemasi. Alipitisha sinia ya Meza ya Bwana, kazi inayofaa mtu asiyetabasamu ovyo, na wazee wa kanisa walikubaliana kwamba hawajawahi kupata anayefaa kuliko yeye.

"Siku utakayoamka na furaha, Baba Muasya," mkewe Nthoki alizoea kumwambia, "nitafunga kibanda changu sokoni nikutafutie daktari."

Lakini hasira aliyokuwa nayo siku ya tangazo haikuwa ya chai. Ilikuwa na mwaka mmoja, na ilikuwa imeanzia ukutani.

Nyumba za Jericho zina matundu ya hewa juu ya madirisha. Tundu la jikoni kwa Kitonga lilikuwa limevunjika wavu siku nyingi, na humo kwezi wawili walikuwa wameingiza nyasi na manyoya. Kwezi ni ndege anayevaa kama mtu anayekwenda harusini: mgongo wa buluu inayong'aa kama petroli juu ya maji, tumbo la rangi ya tofali jipya, mkanda mweupe kifuani, na jicho jeupe linalokutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekuja kuomba. Hana woga. Nthoki akikung'uta mwiko mlangoni, hao wamefika, wanatembea kati ya miguu yake na kupiga kelele kama wanawake wa sokoni. Asubuhi waliimba juu ya kamba ya nguo, wimbo mrefu usio na mpango, na Kitonga alikunywa chai yake akiwasikiliza. Hakusema kwamba anawapenda. Alisema wanachafua shati, na aliendelea kuanika shati palepale.

Mwaka huo Kamati ilikuwa imeingiza mtaa katika mashindano ya usafi. Mafundi waliletwa kuziba nyufa na kupaka rangi, nao walifika kwa Kitonga akiwa kazini na Nthoki akiwa sokoni. Jioni Kitonga alipofika nyumbani, ukuta wa jikoni ulikuwa laini kama yai. Tundu halikuonekana tena. Kwezi wawili walikuwa wamejishikilia kwenye saruji mbichi, kila mmoja na funza mdomoni, wanarukaruka na kugonga mahali palipokuwa na mlango wao.

Akaweka sikio ukutani. Makinda walikuwa wanalia humo ndani.

Alikwenda kwa Shitanda akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele.

"Mwenyekiti, kuna ndege ndani ya ukuta wangu."

"Ndani ya ukuta hakuna kitu, Bwana Kitonga. Nimeukagua mwenyewe. Umepita."

"Wanalia."

"Watanyamaza," alisema Shitanda, kwa upole wa mtu anayefariji. "Majaji wanakuja Jumatatu. Subiri wapite, halafu tutaona utaratibu wa kuufungua."

Kitonga alikuwa mtu wa utaratibu. Alirudi nyumbani akasubiri. Alilala upande wa mbali na jikoni. Jumapili, baada ya kupitisha sinia kanisani, alivua koti, akachukua patasi akaufungua ukuta, utaratibu au bila utaratibu. Shitanda alikuwa amesema kweli. Walikuwa wamenyamaza. Alichokitoa humo alikizika chini ya mpapai. Mtaa ulipata nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza ilichukuliwa na mtaa ambao haukuwa na mti hata mmoja.

Neno lile, "watanyamaza," lilibaki ndani yake kama kibanzi chini ya ukucha. Alikwenda nalo kazini, akachonga nalo vifaru, na vifaru wa mwaka huo, wanasema waliowaona, walikuwa na sura mbaya sana. Waliuzika upesi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, Kitonga alileta nyumbani gogo la jakaranda. Aliapa kwamba kwezi wakirudi watakuta nyumba ambayo fundi wa saruji hana kazi nayo. Umbo la nyumba hiyo halikumsumbua. Kitu pekee cha mbao chenye uwazi ndani alichofundishwa na baba yake ni mzinga wa nyuki, kwa hiyo alitengeneza mzinga: gogo lililokombwa, vifuniko viwili vya mbao, waya wa kuning'inizia. Tundu la kuingilia alilipima kwa bega la kwezi, ili kunguru abaki nje. Akachimbia nguzo kwenye kona ya uwanja, akautundika mzinga juu yake, mlango ukiwa umeipa mvua kisogo.

Kisha mkono ukamponza. Kwao hakuna anayetundika mzinga bila kuupaka nta ndani. Ndiyo njia ya kuwakaribisha wenye nyumba. Alfajiri moja, bila kuwaza, Kitonga alipanda juu ya stuli akaupaka nta vizuri, pembe zote, kama alivyomwona baba yake akifanya. Kufikia saa nne nyuki wa upelelezi walikuwa wamefika.

"Umewaita ndege kwa kadi ya nyuki," Nthoki alisema, akacheka mpaka akashika mlango. "Sasa ukija kulia kwamba hawaimbi vizuri, usinilalamikie mimi."

Alfajiri ya pili Kitonga alipanda tena juu ya stuli, safari hii kuikwangua nta ile na kuufukiza mzinga kwa moshi wa majani. Alifanya hivyo akiwalaani nyuki kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani.

Jirani mmoja alikuwa macho. Ng'ambo ya ua wa miiba alikaa Shitanda mwenyewe, na mkewe Nerima, mama yake Nangila, alikuwa ametoka kuchota maji. Alichokiona Nerima ni hiki: mzee wa Kikamba, kabla jua halijachomoza, amesimama juu ya stuli, ananong'ona, anatia moshi na kusugua kitu ndani ya gogo linaloning'inia, na tundu la gogo hilo linatazama mlango wake yeye. Tundu lilitazama hivyo kwa sababu ya mvua. Lakini mvua haikuwa imeanza, na Nerima hakuwa na haja ya maelezo marefu hivyo.

"Kamuti," alimwambia mumewe wakati wa chai. Ndivyo watu wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, wanavyoiita dawa ya Kikamba, ile wanayosema humgandisha mwizi na mzigo kichwani mpaka mwenye mali arudi kutoka safari. "Ametutegea kamuti, Baba Nangila. Na wewe umekaa hapo unapaka siagi mkate."

Kufikia saa za jioni neno hilo lilikuwa limeshafika madukani, limepinda kona na kurudi. Kitonga alilisikia kwa kinyozi, akaondoka na nusu ya nywele. Alikasirika kiasi kwamba hakula. Yeye, shemasi! Yeye ambaye kijijini kwao alikuwa amechoma hirizi za bibi yake mwenyewe!

Wakati huohuo kwezi walikuwa wamerudi. Walikagua mzinga kwa siku kadhaa wakigombana mlangoni, kisha wakaanza kuleta nyasi. Kitonga alizungushia nguzo bati la debe lililonyooshwa, ili paka akipanda ateleze. Aliondoa kijiti ambacho Nthoki alikuwa ameweka chini ya tundu kwa ajili ya urembo, akamwambia kijiti ni kiti cha kunguru. Akamkataza kuanika shuka karibu. Na mvua zilipokolea, asubuhi moja akiwa na kikombe mkononi, alisikia kutoka ndani ya gogo sauti nyembamba aliyoijua. Mara ya mwisho alikuwa ameisikia kupitia saruji.

Wiki hiyohiyo Shitanda alipanda juu ya kreti.

Alhamisi jioni Kitonga alivaa koti akaenda kumweleza Mwenyekiti ukweli, kwa sababu alikuwa mtu anayeamini kwamba ukweli ukielezwa vizuri unatosha. Shitanda alimpokea sebuleni akiwa na suruali ya kazini na shati la kulalia. Kaunda suti yake ilikuwa imeibwa kwenye kamba usiku wa kuamkia Jumanne, pamoja na shuka mbili za Nerima. Msimu huo wezi wa nguo walikuwa wanaingia kila uwanja wa nyuma kana kwamba wamepewa zamu.

"Mwenyekiti, lile gogo ni nyumba ya ndege. Kuna makinda ndani, hata manyoya hawajaota. Niachie mpaka waruke. Wakisharuka, nitalishusha mwenyewe."

"Ndege?" Shitanda alimtazama kwa huruma. "Bwana Kitonga, ndege wana miti."

"Miti gani? Mlikata yote mwaka jana ili majani yasianguke kwenye mashindano."

"Usipandishe sauti, mzee. Mimi nakusikiliza. Unasema ndani kuna ndege, ndege tu, na hakuna kitu kingine?"

"Ndege tu."

Uso wa Shitanda ulilegea. Akakaa vizuri, hata akavuka miguu. "Basi hakuna shida yoyote. Jumamosi vijana watakishusha. Unajua, kama kingekuwa ni kile kitu watu wanachosema, tungelazimika kwenda polepole. Kushauriana. Lakini kama ni ndege tu..."

"Watakufa."

"Ni ndege, Bwana Kitonga," alisema Shitanda, akamsindikiza mlangoni.

Kitonga alirudi nyumbani, akakaa kwenye stuli yake nyuma ya nyumba bila kuvua koti. Nthoki alikuwa anachambua sukuma wiki za kesho.

"Nimemwambia ukweli," alisema Kitonga.

"Nimesikia. Mtaa mzima umekusikia. Ndiyo maana watakishusha."

"Sasa ulitaka nimwambie nini? Kwamba mimi ni mganga?"

"Usimwambie kitu. Jumamosi wakija, wakikuuliza ni nini, wewe nyamaza."

"Kunyamaza ni kukubali!"

"Kwa nani? Mimi najua ni ndege. Ndege wanajua ni ndege. Mungu kama hajui, basi hiyo kazi yake imemshinda."

"Mama Muasya! Mimi ni shemasi."

"Makinda hawajui shemasi ni nani," alisema Nthoki, akakata mashina ya sukuma kwa mara moja. "Tena sura unayo tayari. Mungu amekupa sura ya kutisha miaka yote hii, na huna kazi nayo isipokuwa kutishia chai."

Kitonga alimkasirikia mpaka Ijumaa jioni. Kilichomkasirisha zaidi ni kwamba kila alipotafuta jibu, alilipata lile la Shitanda: watanyamaza.

Jumamosi Kamati ilifika kwa ukamilifu wake. Mbele Shitanda na kalamu kifuani. Nyuma yake vijana wawili na ngazi. Nyuma ya ngazi mtaa wote, wanawake na mabeseni yao ya nguo, wanaume na magazeti ya jana. Nerima alibaki upande wake wa ua, kichwa tu kikionekana juu ya miiba. Na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa zito, Shitanda alikuwa amemwalika Mzee Ndeti, mzee wa kanisa la Kitonga, aje aombe kwanza. Aliomba. Alimwombea kila mtu aliyekuwapo, na juu ya waya wa simu kwezi mmoja alisubiri amalize, panzi mdomoni.

Ngazi iliegemezwa kwenye nguzo. Hakuna aliyeipanda.

"Panda," kijana mmoja alimwambia mwenzake.

"Mimi? Sipandi, jo. Wewe ndiye umevaa viatu vya mpira."

"Sasa viatu vya mpira vinahusu nini?"

"Inasemekana dawa haishiki mpira."

"Hiyo ni stima, wewe!"

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Shitanda akakohoa.

"Bwana Kitonga," alisema, kwa sauti ya kreti. "Mbele ya watu hawa wote, na mbele ya mzee wako wa kanisa, tuambie. Kitu hiki ni nini?"

Mzee Ndeti alisogea karibu akamshika kiwiko. "Shemasi, sema tu ni cha ndege," alimnong'oneza kwa Kikamba. "Neno moja, yaishe. Unajua Jumapili ni Meza ya Bwana. Siwezi kukuachia sinia na jambo hili likiwa linaning'inia."

Kitonga alifungua mdomo. Wanaosimulia wanasema aligeuka rangi. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali akaacha kulijibu, hata yale aliyoulizwa mtu mwingine. Neno lilikuwa hapo ulimini, la kweli, safi, na lingemtosha mzee, kanisa na mtaa mzima. Juu ya kichwa chake, ndani ya gogo, makinda waliokuwa na njaa walianza kulia kwa sauti nyembamba, kama walivyolia ukutani.

Akafunga mdomo. Akamtazama Shitanda.

Hakumtazama kwa hila. Alimtazama tu kwa hasira yote aliyokuwa nayo, ya mwaka mzima, ya saruji na mpapai, na haikuhitaji kuongezwa chochote. Mwanamke mmoja aliokota beseni lake akaenda zake.

"Kinalia," mtu alisema nyuma. "Mnasikia? Kitu kinalia humo ndani."

"Mtoe mwizi uliyemnasa humo, mzee, tumwone!" akadakia mwingine, lakini alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba.

Shitanda hakuwa mwoga, hilo lazima lisemwe. Aliona watu wanamtazama, akachomoa kalamu, akampa kijana, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Halafu cha pili. Hapo kwezi wa kwenye waya alichoka kusubiri. Aliangusha panzi, akashuka moja kwa moja kutoka juu akipiga ukelele, akapita sikioni mwa Mwenyekiti, akageuka, akaja tena. Mwenzake alitokea upande wa pili. Shitanda alishuka. Alishuka kwa heshima, bila kuruka kipago, akachukua kalamu yake.

"Kamati," alisema, "itashauriana."

Kamati ilishauriana hadi mwisho wa mvua.

Kesho yake, Jumapili, sinia ya Meza ya Bwana ilipitishwa na shemasi mwingine, kijana mmoja mpole aliyetabasamu kila benchi. Kitonga alikaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na wachelewaji. Mzee Ndeti alimwambia hakufukuzwa. Ni kupumzishwa tu, mpaka atakapotamka wazi. Kitonga alimwambia atatamka mvua zikiisha. Mzee Ndeti akauliza ni dawa gani hiyo inayofuata mvua. Kitonga akaenda nyumbani.

Makinda walikua. Walianza kuchungulia tundu, kichwa juu ya kichwa, wakigombania hewa. Asubuhi moja yenye jua walitoka mmoja mmoja, wakatua ovyo kwenye kamba ya nguo, wakang'ang'ania hapo, wakiyumba, wameshangaa. Kitonga alisahau chai yake mpaka ikapoa, kisha akainywa hivyo hivyo. Nthoki aliona.

Siku hiyohiyo Kitonga aliushusha mzinga na kuubeba mikononi mpaka kwa Mzee Ndeti. Akaufungua. Akamwonyesha nyasi, manyoya, vinyesi na kipande cha ganda la yai la buluu. "Ndege," alisema. "Nimetamka." Akaenda madukani, akauonyesha na huko. "Ndege! Tazameni! Ni kiota!"

Watu waliinamia, wakatazama manyoya na ganda lile la ajabu la buluu, wakarudi nyuma hatua moja.

"Ndiyo, mzee," walisema. "Ndege."

Mzee Ndeti alimwambia baraza la wazee litalitafakari. Lilitafakari. Kitonga alizeeka akiwa amekaa benchi la nyuma, na mpaka mwisho alisema wazi, kwa yeyote aliyeuliza na asiyeuliza, kwamba alionewa.

Jambo jingine lilikuwa limetokea ambalo yeye, kwa hasira zake, hakuliona. Nthoki ndiye aliyeliona. Tangu Jumamosi ile ya ngazi, hakuna aliyeiba hata soksi kwenye kamba yao. Wezi walipita kulia, wakapita kushoto. Kwa Shitanda walirudi mara ya pili, wakachukua mapazia aliyokuwa amefua kwa ajili ya wageni.

Mvua fupi zilipokaribia, Nerima alifika kwenye kibanda cha Nthoki sokoni, akachagua nyanya kwa muda mrefu kuliko nyanya zilivyostahili.

"Mama Muasya."

"Naam, Mama Nangila."

"Kile kitu cha mzee. Kinachukua muda gani kutengeneza?"

Kitonga alipoambiwa alitupa kikombe. Kwanza walimchafua, sasa wanataka kununua uchafu! Hatachonga. Afadhali achonge vifaru mpaka afe. Nthoki alimwacha amalize, akaokota vipande.

"Kwezi wako wa mwaka huu wamekuwa wengi," alisema. "Na nyumba ni moja."

Akachonga. Alichonga kwa hasira, jioni baada ya jioni, na kwa kila aliyekuja kuchukua alisema wazi usoni, neno kwa neno: "Hiki ni cha ndege. Si kitu kingine. Ni cha ndege." Waliitikia kwa adabu. Kisha akawapa maelekezo, kwa sababu hakuwa tayari kuona makinda wengine wakifa kwa upumbavu wa watu: tundu lisizibwe kamwe, kijiti kisiwekwe chini yake, nguzo ivikwe bati, paka asisogee, mvua zikianza kisiguswe na mtu, na chini yake hapapigwi kelele.

Nerima aliyarudia masharti yote kichwani, midomo ikicheza, asisahau hata moja. Kisha akauliza kama mume wake naye anapaswa kuyashika.

"Yeye hasa," alisema Kitonga.

Mwaka uliofuata Kamati ya Mtaa Safi ilitangaza tena kwamba viwanja vyote vya nyuma ni vitupu na kwamba ushirikina umekwisha kabisa. Safari hii Bwana Shitanda alisomea tangazo kule madukani, si mbele ya nyumba yake kama ilivyokuwa desturi. Nyuma ya nyumba yake kwezi walikuwa wameatamia, na hapakutakiwa kelele.